Mtoto Wetu Aitwe Ji-sung? Kaeni Kitako Kwanza

Siku mtoto wako wa kwanza anapolia pale wodini, jina lako linakwenda likizo. Na likizo yenyewe haina tarehe ya kurudi. Lile jina zuri ulilolibeba tangu darasa la kwanza, lililoko kwenye cheti cha chuo na kitambulisho cha kazi, muuza nyanya wa soko la Tunduma halitambui tena. Kwake wewe ni Mama Fulani. Mumeo naye, hata awe na ofisi na mhuri wake pale mpakani, kwa vijana wa bodaboda wa Sogea ni Baba Fulani, basi. Wapo majirani watakaokuja kukuzika bila kujua kwamba uliwahi kuitwa Happiness.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, mnapochagua jina la mtoto mnachagua na lenu. Ndiyo maana jambo hili dogo la dakika tano linaweza kuwalaza watu wanaopendana mzungu wa nne wiki nzima.

Chukua mfano wa wawili hawa. Tuwaite Baba Kijacho na Mama Kijacho, kwa kuwa mtoto wenyewe bado yuko njiani. Baba Kijacho ni wakala wa forodha Tunduma, Mnyamwanga wa Momba, na ni mnazi wa Manchester United kiasi cha kununa siku nzima timu ikifungwa. Mama Kijacho ni nesi, Mnyakyusa wa Tukuyu. Kipimo kimeonyesha mtoto wa kiume. Baba anatangaza mezani: "Kijana wangu ataitwa Ji-sung." Mama anaweka kijiko chini. "Mume wangu, Ji nini?" Kabla hawajamaliza, simu inaita kutoka kijijini. Baba mkwe naye ana jina lake, na hajapiga kuomba ushauri.

Nani mwenye haki hapo? Usikimbilie kumcheka huyu mwanaume. Jina analolitaka lina mambo mazito kuliko anavyojua mwenyewe.

WAKOREA WALIINGIA LINI SEBULENI?

Kama mwishoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa na deki ya DVD, au jirani yako alikuwa nayo, hakuna haja ya kukutambulisha kwa Jumong. Tamthilia ile ya kituo cha MBC cha Korea Kusini ilirushwa kwao kuanzia 2006 hadi 2007, ikiwa na sehemu 81, na ilipofika kwetu iliwakosesha watu usingizi. Jumong mwenyewe ni mtu wa historia na hadithi, mwanzilishi wa dola ya Goguryeo mwaka 37 kabla ya Kristo, na jina lake linaelezwa kuwa na maana ya hodari wa kulenga mshale. Baada yake zikaja tamthilia nyingine nyingi, za wafalme, za madaktari, za matajiri wanaowapenda wasichana maskini, na wadada wakaanza kuyajua majina ya Kikorea kuliko ya shemeji zao.

Wanaume wao waliingilia mlango mwingine, ule wa kibanda umiza. Julai 2005 Manchester United walimsajili kijana wa Kikorea, Park Ji-sung, akitokea PSV ya Uholanzi. Alikaa Old Trafford hadi 2012. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Mashabiki walisema ana mapafu matatu kwa jinsi alivyokuwa akikimbia dakika zote bila kuchoka. Machi 2010, dhidi ya AC Milan, kocha Alex Ferguson alimpa kazi moja tu, kumganda Andrea Pirlo kila anakokwenda. Pirlo hakufua dafu, United wakashinda 4-0, na Park akafunga bao mojawapo.

Basi Baba Kijacho anapotaja Ji-sung, anachokiona kichwani ni mtu wa kazi, asiyelalamika, anayetumwa kazi ngumu na kuimaliza. Ukimuuliza jina hilo maana yake nini, atakwambia, "Ni jina la Park." Hapo ndipo penye kazi.

KAA, KAA NA KAA

Kwanza, Park si jina lake. Ni la ukoo. Wakorea hutanguliza ukoo, kisha jina la mtu. Park ni ukoo, Ji-sung ndiye yeye. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Ban Ki-moon, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2016, na ambaye naibu wake kuanzia 2007 hadi 2012 alikuwa dada yetu Asha-Rose Migiro. Aliyemwita "Bwana Moon" alikuwa kama anayemwita mheshimiwa kwa jina la utotoni mbele ya wageni. Bwana Ban ndiyo sahihi. Ki-moon ni jina alilopewa na wazazi, na herufi zake mbili zinasema msingi na maandishi.

Koo zao zenyewe ni chache kwa kushangaza. Katika sensa yao ya 2015, Kim peke yao walikuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano. Ukijumlisha Kim, Lee na Park unakaribia nusu ya nchi. Ukiita "Kim!" stendi ya Seoul watageuka wengi mno. Jina la mtu ndilo linalobeba mzigo wote wa kumtofautisha, na wazazi wanalitolea jasho.

Pili, na hapa naomba usogeze kiti karibu, jina la Kikorea lina sehemu mbili, ile inayosikika na ile inayoandikwa. Wakorea wana alfabeti yao nzuri sana, hangul, iliyobuniwa enzi za Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa rasmi 1446. Hiyo huandika sauti. Lakini chini ya sauti kuna herufi za asili ya Kichina wanazoziita hanja, na kila herufi ni neno zima lenye maana yake. Sauti moja inaweza kuwa na herufi nyingi.

Kwa Kiswahili lifikirie neno kaa. Kuna kaa la moto, kuna kaa wa baharini, kuna kaa kitako. Sikio halitofautishi, mpaka sentensi imalizike. Sasa fikiria kama kila kaa ingekuwa na mchoro wake wa kuandikia, na mtoto anaitwa Kaa. Ungemuuliza mama yake, "Kaa upi?" Swali hilo kwa Wakorea si utani. Ni swali la adabu kabisa ukitaka kulijua jina la mtu vizuri.

Ji-sung ndivyo lilivyo. Wao wenyewe hulitamka karibu na "Ji-song", na hiyo u ya kwenye fulana ni mazoea ya kuliandika kwa herufi za Kizungu. Ji yaweza kuwa hekima, yaweza kuwa nia, yaweza kuwa kujua, yaweza kuwa kufika kileleni. Kuna hata ji ya ardhi na ji ya bwawa. Sung yaweza kuwa nyota, yaweza kuwa kutimiza, yaweza kuwa unyoofu wa moyo, ngome, utakatifu au kustawi. (Ipo pia ya jinsia, ila hiyo hakuna anayempa mtoto wake.) Park wetu wa United anaandikwa kwa ji ya hekima na sung ya nyota. Mwenzake waliyekaa naye dawati moja angeweza kuitwa Ji-sung vilevile, ila kwa herufi za nia na kutimiza, yaani mtoto atakayefika alikokusudia. Wa tatu angekuwa na ji ya kufika kileleni na sung ya unyoofu wa moyo. Huyu wa tatu ana bahati ya ziada, kwa sababu sauti yake ni neno kamili la Kikorea na imo ndani ya methali yao maarufu, inayosema kwamba unyoofu wa moyo ukifika kilele chake huigusa hata mbingu.

Vijana watatu, mwito mmoja, na wazazi watatu waliotaka vitu vitatu tofauti kabisa.

Ndiyo maana kule kumpa mtoto jina si mchezo. Mahakama Kuu ya Korea Kusini ina orodha ya herufi zinazoruhusiwa kwenye majina ya watu, na tangu 2015 zimezidi 8,000. Kwa kawaida babu alikuwa na sauti kubwa kwenye uamuzi. Wapo pia wataalamu wenye ofisi kabisa za kutunga majina, wanaolipwa kuangalia mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, na kuhesabu mikato ya kalamu katika kila herufi. Na wazazi wapya wana mwezi mmoja tu wa kwenda kumwandikisha mtoto. Fikiria presha ya huyo baba!

Si kila mtu anafuata herufi. Wapo wanaochagua neno la Kikorea chenyewe, lisilo na hanja, kama Ha-neul, maana yake anga. Huyo halazimiki kuulizwa "anga ipi?"

SI NA NA, MONG NA SUN

Baba mkwe wa Momba akisikia habari hizi atasema Wakorea ni watu wa maana, kwa sababu nao wanajua ukoo. Na hapo hatakuwa amekosea.

Kwa Wanyamwanga, jina la ukoo lenyewe linakwambia kama anayekuja ni mwanaume au mwanamke. Mwanaume huanza na Si, mwanamke na Na. Kaka ni Sinyangwe, dada ni Nanyangwe. Kaka Simwinga, dada Namwinga. Siku hizi, kwa mtindo wa shule na ofisi zetu wa kumwandika mtoto kwa jina la baba, mabinti wengi wa upande wetu wanatembea na Si kwenye vyeti, na mwalimu aliyetoka mkoa mwingine haoni ajabu yoyote. Bibi zao wanaona. Vuka mpaka uingie Nakonde, watu ni walewale, na utawakuta akina Nanyangwe wameandikwa hivyohivyo.

Wakorea wao wana alama ya kizazi. Ndugu na mabinamu wa kiume wa kizazi kimoja hupewa silabi moja ya pamoja kwenye majina yao, na kizazi kinachofuata silabi nyingine. Mfano uko barabarani, umeandikwa Hyundai. Mwanzilishi wa kampuni hiyo aliitwa Chung Ju-yung. Wadogo zake ni In-yung, Soon-yung, Se-yung na Sang-yung. Umeona hiyo yung? Sasa njoo kwa wanawe: Mong-koo, Mong-hun, Mong-joon na wengine, wote Mong. Wajukuu wakarudisha alama mwishoni: Eui-sun, anayeliongoza kundi la Hyundai Motor tangu 2020, na mabinamu zake Ki-sun na Il-sun. Mzee wa ukoo akisikia jina tu anajua huyu nimwite kaka, baba mdogo au mwanangu, kabla hajamwona uso. Wazazi vijana wengi wa leo wameuacha utaratibu huu. Wanasema unawabana. Unasikia kama mtu unayemfahamu, siyo?

Na kwa kuwa hili ni gazeti la mapenzi, sikiliza na hii. Mpaka juzijuzi, jina la ukoo liliweza kukunyima mchumba. Sheria ya Korea Kusini ilikataza watu wa ukoo mmoja wenye chimbuko moja kuoana, hata kama babu yao wa pamoja aliishi karne nyingi zilizopita. Kim wa chimbuko la Gimhae peke yao ni zaidi ya watu milioni 4. Wawili wasiojuana kabisa walikutana chuoni, wakapendana, wakaulizana chimbuko, na mambo yakaishia hapo, au wakaishi pamoja na kuzaa watoto bila ndoa kuandikishwa. Serikali ilikuwa inafungua dirisha la muda mara mojamoja kuwaandikisha watu kama hao, ikafunga tena. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ikasema katazo hilo linakiuka katiba, na 2005 sheria ikabadilishwa, likabaki katazo la ndugu wa karibu. Kwetu huku wazee nao huuliza ukoo kabla ya kuuliza kazi. Tofauti ni kwamba kule swali hilo lilikuwa na karani na mhuri.

Jambo moja zaidi, wadada mtalipenda. Mkorea akiolewa habadili jina la ukoo. Alizaliwa Lee, atakufa Lee. Lakini akishazaa? Jirani yake anamwita Ji-sung eomma, yaani Mama Ji-sung. Likizo ileile!

LUSAJO HAULIZWI

Sasa turudi mezani, chakula kinapoa. Mama Kijacho ana hoja yake na ni nzito. Kwao Rungwe jina halifichi kitu. Lusajo ni baraka. Gwamaka ni mwenye nguvu. Gwakisa ni wa huruma. Ambokile, ameniokoa. Atupele, ametupa. Ukiitwa Ambokile, kila Mnyakyusa anayekusikia sokoni anajua kwamba kuna mtu alipita kwenye shida na akatoka salama. Jina linasimulia habari za aliyelitoa kuliko za aliyepewa. Hakuna haja ya kuuliza "Lusajo upi?"

Ji-sung likiletwa Tunduma linakuja bila herufi zake. Kwenye cheti cha kuzaliwa hakuna mtu atakayechora hekima wala nyota. Litaandikwa J, I, S, U, N, G, na ofisa ataendelea na anayefuata. Kilichofika ni sauti tupu. Hapo Mama Kijacho anauliza swali linalomkera mumewe kwa sababu hana jibu: "Mtoto akikua akatuuliza jina langu maana yake nini, tutamwambia kiungo wa Manchester?"

Kwa maoni yangu, Baba Kijacho anaweza kulijibu, tena vizuri, kama akikubali kufanya wafanyavyo Wakorea wenyewe. Asilete sauti peke yake. Akae na mkewe wachague herufi, hata kama hawataiandika popote. Je, ni hekima na nyota? Ni nia na kutimiza? Ni ule unyoofu wa moyo unaogusa mbingu? Nesi anayetoka zamu ya usiku na wakala anayesubiri malori ya Kongo na Zambia foleni nzima wanajua vizuri habari ya nia na kutimiza. Wakikubaliana hapo, Ji-sung anakuwa na maana, na maana hiyo imetoka kwao wawili. Wasipokubaliana, basi ugomvi wao haukuwa wa jina.

Na baba mkwe je? Yeye anataka mjukuu abebe jina la babu, yaani lake mwenyewe. Wengi tungesema, mpeni mzee jina lake yaishe. Subiri kidogo. Mke ni Mnyakyusa, na mila ya Wanyakyusa kuhusu baba mkwe si ya kuchezea. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyeishi nao miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu jinsi mke alivyotakiwa kumkwepa baba wa mumewe, asikutane naye uso kwa uso, asilitaje jina lake, na hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo ayabadilishe kwa mengine. Siku hizi wengi wamelegeza, wanakaa sebule moja na kuangalia taarifa ya habari pamoja. Lakini mama aliyelelewa na bibi anayeshika mila hiyo atampigiaje kelele mtoto mtukutu kwa jina la baba mkwe? "We fulani, shuka kwenye mti!" Haiwezekani. Ataishia kumwita Babu, na mtoto ataitwa Babu mpaka kidato cha nne. Mume wa Kinyamwanga asiyejua hili atadhani mkewe ana dharau kwa wazazi wake. Kumbe ni heshima imezidi. Hili mkalizungumze wawili chumbani kabla ya kumrudia mzee.

Lipo suluhisho ambalo familia nyingi zinalitumia bila kelele, la mtoto kuwa na jina la nyumbani na jina la cheti. Mzee ana la kwake la kumwitia mjukuu akienda likizo kijijini, shule ina la kwake. Ila kumbukeni kwamba kwa mtindo wetu wa majina matatu, jina la kwanza la mtoto wa kiume litakuwa jina la kati la watoto wake. Lusajo Ji-sung Sinyangwe, siku moja, anajaza fomu ya mkopo. Mwite kwa sauti mara tatu mkiwa jikoni. Kama mmecheka, jiulizeni mmecheka kwa furaha au kwa nini.

Maana watoto wa shule hawana huruma. Katika Kiswahili ji si kitu cha kuchezea, ni lile la jitu na jibwa. Mtoto anayeitwa Ji-sung asitegemee kumaliza wiki ya kwanza ya darasa la kwanza bila kuitwa Jisungura. Si jambo la kuua jina, wangapi tulipewa vituko zaidi ya hivyo tukapona. Lakini mtoto aliyeambiwa nyumbani kwamba maana ya jina lake ni hekima na nyota ana cha kujibu. Aliyeambiwa "baba yako alipenda mpira" hana.

Na msidhani Wakorea wenyewe wako makini muda wote. Yule mwigizaji wa Jumong, Song Il-gook, mwaka 2012 alijaliwa watoto watatu wa kiume kwa mpigo. Akawaita Dae-han, Min-guk na Man-se. Ukiwaita kwa mfululizo waje kula unakuwa umesema "Daehan Minguk Manse", yaani "Idumu Jamhuri ya Korea". Nchi nzima iliwapenda walipoonekana kwenye kipindi cha televisheni pamoja na baba yao. Sisi tunaowajua akina Uhuru na Mapinduzi hatuna cha kushangaa.

MKIFIKA KWENYE FOMU

Tuseme mmekubaliana. Kazi ya mwisho ni ya ofisi, na hapa wengi wanafanya haraka.

Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 na kuwapa vyeti bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulianza Mbeya mwaka 2013, wakati Songwe ilikuwa bado ndani ya mkoa huo kabla ya kuwa mkoa wake 2016. Uzazi unatakiwa usajiliwe ndani ya siku 90. Hakuna sababu ya mtoto wa Tunduma kukaa na kadi ya kliniki peke yake mpaka aanze shule. Lakini mwandikeni sawasawa mara ya kwanza. Wenye majina ya kawaida tu, Elizabeti na Elizabeth, wanahangaika cheti cha kuzaliwa kisipofanana na cha shule na kitambulisho cha taifa. Mwenye Jisung, Ji Sung, Gisung na Jisungi atahangaika mara nne.

Andikeni jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa kabla ya kutoka nyumbani, na mmpe ofisa karatasi hiyo, msimtamkie. Halafu amueni kuhusu kile kistari. Ji-sung lenye kistari ni jina moja. Jisung lililounganishwa ni jina moja pia, na kwa fomu zetu ndilo salama zaidi. Mkiacha nafasi katikati mkaandika Ji Sung, mtakuwa mmempa mtoto majina mawili. Anayesoma atachukua Ji kuwa jina la mtoto na Sung kuwa jina la baba yake. Baba Kijacho, uliyekesha kwenye kibanda umiza na kulipigania jina hili mbele ya mke na mzee, utakuwa umefutwa kwenye cheti cha mwanao na kiungo wa Manchester.

Na kama kile kipimo kilidanganya akatoka binti? Ji-sung kule ni la wavulana zaidi, ila ji ya hekima iko kwenye majina mengi ya wasichana: Ji-eun, Ji-young, Ji-hye. Nusu ya kazi mnayo tayari. Au mwiteni Atupele. Upande wa ukoo, kabla ofisa hajamwekea Si kwa mazoea, mwambieni mapema huyu ni Na. Bibi wa Momba atafurahi kuliko babu.